Mafuta ya Mti na Moto wa Jino la Nyoka

Swali ambalo watu hawachoki kuliuliza, mijini na mashambani, ni hili: je, kuna mti unaoponya sumu ya nyoka? Huliuliza mkulima aliyemuua moma kwa jembe jioni ile ile, huliuliza mama aliyepata habari kwamba mtoto wa jirani amegongwa penye mabua ya mahindi, na huliuliza hata kijana aliyesoma hadi chuo kikuu. Kwani ni nadra katika nchi za joto kukosa kijijini mzee mmoja ajuaye jani, mzizi au mafuta yanayosifiwa kwa kazi hiyo. Jibu la haraka la matabibu wengi ni kwamba hakuna, na jibu la haraka la waganga wengi ni kwamba upo. Nami naona majibu yote mawili yamekwenda mbio mno, maana swali hilo moja limebeba maswali mawili. La kwanza ni la kuiua sumu. La pili ni la kuutuliza moto ambao sumu imeuwasha mwilini, nao moto huo una maisha yake wenyewe, huendelea kuwaka hata sumu ikiisha.

Sura hii yahusu hilo la pili. Nchi tutakayoifuata ni Brazili, kwa sababu huko elimu ya sumu za nyoka imechimbwa kwa zaidi ya karne moja, na huko ndiko mafuta ya miti ya msituni yanakotiwa siku hizi katika umbo jipya liitwalo nanoemulsheni, neno ambalo tutalifafanua tutakapofika jikoni.

Nyoka wa Brazili na jamaa yake wa kwetu

Wabrazili humwita jararaca. Ni nyoka wa kahawia mwenye mabaka ubavuni, kichwa chake chenye pembe tatu kama ncha ya mkuki, na rangi yake imelingana mno na majani makavu hata mtu huweza kumkanyaga asijue amekanyaga nini. Jararaca na jamaa zake, ambao wanazuoni huwaita kwa jina la Bothrops, ndio wanaohusika na sehemu kubwa kabisa ya maelfu ya watu wanaoumwa na nyoka katika nchi ile kila mwaka. Na katika misitu ya Amazoni yupo ndugu yao, Bothrops atrox, ambaye huwagonga wavuvi, wagema mpira na watoto wanaokwenda mtoni kuteka maji.

Mtu aliyegongwa mguuni na nyoka huyu hahitaji kuambiwa. Maumivu huja papo hapo, kama kwamba kaa la moto limewekwa chini ya ngozi. Muda si muda kifundo cha mguu hupoteza umbo lake, ngozi hunyooka ikang'aa, na penye matundu mawili ya meno damu hutiririka nyembamba isiyotaka kuganda. Uvimbe hupanda hadi goti, wakati mwingine hadi kinena. Siku ya pili au ya tatu hutokea malengelenge yenye maji mekundu, na pengine nyama iliyo chini yake huwa imekwisha kufa.

Msomaji wa Kenya au Tanzania atasema kwamba habari hii anaijua, na hakika anaijua, kwa kuwa moma wetu, ambaye wengine humwita bafe au kifutu, hutenda vivyo hivyo. Moma na jararaca wametengwa na bahari kuu nzima, walakini sumu zao zimefanana katika kuharibu mahali zilipoingia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 huumwa na nyoka, kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufa, na kwamba wanaobaki na viungo vilivyokatwa au ulemavu wa kudumu ni takriban mara tatu ya hao waliokufa. Mwaka 2017 shirika hilo liliyaingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa ya nchi za joto. Hao walemavu aghalabu ni wakulima na wachungaji, watu ambao mguu kwao ni chombo cha kazi, na kwao hasa ndiko fikira zangu zimeelekea katika sura hii.

Seramu hufika wapi

Dawa iliyothibiti ya sumu ya nyoka ni moja tu, nayo ni seramu. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili zishike adui aliyeingia na kumfunga mikono. Farasi akidungwa sumu kidogo kidogo, damu yake hujaa kingamwili za sumu ile, na umajimaji wa damu hiyo, ukisafishwa, ndio seramu. Mfaransa Albert Calmette aliitengeneza ya swila katika miaka ya 1890. Daktari wa Kibrazili, Vital Brazil, aliyezaliwa mwaka 1865 na kupewa jina la nchi yake, aliijaribu seramu ile ya Calmette juu ya sumu za nyoka wa kwao akakuta haifui dafu, na kwa jaribio hilo akathibitisha jambo ambalo hata leo huokoa maisha: kila sumu yataka seramu yake. Aliiongoza taasisi ya Butantan huko São Paulo tangu ilipoasisiwa rasmi mwaka 1901, akafuga farasi, akawaomba wakulima wamletee nyoka wakiwa hai, naye akawapa seramu badala yake.

Seramu huokoa roho. Huizuia damu isiendelee kuharibika, na anayeicheleweshea mgonjwa kwa kungoja dawa nyingine yoyote amemtia hatarini. Lakini mguu ni jambo jingine. Sumu ya jararaca huanza kazi papo hapo chini ya ngozi, ilhali seramu hutiwa mshipani saa moja, au tano, au kumi baadaye, nayo yapaswa kusafiri na damu hadi mahali ambapo mishipa midogo imekwisha kupasuka au kubanwa na uvimbe. Kingamwili ni molekuli kubwa, na njia imefungwa.

Ipo na sababu ya pili ambayo watu wengi hawaifikirii. Ndani ya sumu mna vimeng'enya, yaani protini zinazokata na kuvunja vitu vingine. Baadhi yake, vyenye madini ya zinki katikati yao, hukata nyuzi zinazoshikilia kuta za mishipa, damu ikavuja. Vingine, viitwavyo fosfolipesi, huyavunja mafuta ya ngozi nyembamba inayoifunika kila seli ya mwili, na katika mavunjiko hayo hutoka asidi ambayo mwili wenyewe huigeuza kuwa prostaglandini, wajumbe wa maumivu, joto na uvimbe. Hapo ndipo penye ufunguo wa sura hii nzima: wajumbe hao si sumu ya nyoka, ni mali ya mwili wa mgonjwa, na seramu iliyofundishwa kumkamata nyoka haina amri juu yao.

Msomaji atauliza, basi mbona asipewe aspirini, maadamu mwaka 1971 Mwingereza John Vane alikwisha kuonyesha kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini? Kwa sababu aspirini pia huidhoofisha damu isigande, na mgonjwa wa jararaca tayari damu yake haigandi. Twatafuta kitu kitakachotuliza moto bila kuifungulia damu mlango wa pili.

Na elimu ya moto huu ilizaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na jararaca mwenyewe. Mwaka 1948, huko São Paulo, Maurício Rocha e Silva na wenzake waliichanganya sumu yake na damu, wakagundua bradikinini, mjumbe mwingine wa mwili anayeitanua mishipa na kuamsha maumivu. Zaidi ya miaka kumi baadaye Sérgio Ferreira alikuta ndani ya sumu hiyo hiyo vitu vinavyoipa bradikinini nguvu zaidi, na kutokana na vitu hivyo ikaja kutengenezwa kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Huenda yuko mzee anayesoma sura hii ambaye humeza kidonge chake kila asubuhi pasipo kujua kwamba asili yake ni jino la nyoka wa Brazili.

*Kwa ufupi, kabla hatujaingia msituni: sumu huumiza kwa mikono miwili, mkono wake wenyewe na mkono wa mwili ulioamshwa nayo. Seramu huukamata mkono wa kwanza. Mafuta ya miti yanatafutiwa kazi katika ule wa pili.*

Kopaiba, karafuu na pilipili manga

Katika misitu ya Amazoni umo mti mrefu uitwao kopaiba, wa ukoo wa mikunde, na ni jamaa wa msandarusi wetu ambao utomvu wake ulipelekwa ng'ambo kwa majahazi kutoka Mrima na Unguja. Mvunaji hautii shoka. Huchukua keekee, akatoboa shina hadi katikati, akapachika kijibomba, na ikiwa mti una ukarimu siku hiyo hutiririka mafuta ya rangi ya asali nyepesi, yenye harufu ya mbao na viungo. Kisha huliziba tundu kwa kijiti, mti upone, akaenda zake. Miti mingine haitoi hata tone. Watu wa mtoni hupaka mafuta hayo kwenye vidonda, kwenye viungo vinavyouma, na penye jino la nyoka. Pamoja na kopaiba hutajwa andiroba, mti ambao mbegu zake hutoa mafuta machungu, nao ni jamaa ya mwarobaini na ya mkomafi wa mikokoni mwetu, na uchungu wake ni wa namna ile ile.

Ndani ya mafuta ya kopaiba aghalabu mna kwa wingi kitu kiitwacho kariofileni. Jina hilo limetokana na jina la zamani la kitaalamu la karafuu, kwa maana kariofileni imo ndani ya mafuta ya karafuu pia, na imo kwa wingi katika pilipili manga. Mwaka 2008 ilidhihirika kwamba kariofileni hushikamana na vipokezi fulani vilivyoko hasa katika seli za kinga, na vipokezi hivyo vikishikwa huwaamrisha askari wa kinga wapunguze ghadhabu. Kwa hiyo yule mzee wa mtoni aliyepaka kopaiba penye uvimbe hakuwa akifuata ndoto. Mkono wake ulikuwa umegusa jambo la kweli, ila jambo hilo si kuua sumu kama alivyodhani, bali ni kutuliza uvimbe.

Hata hivyo, mafuta yakimiminwa tu juu ya ngozi yana dosari tatu. Hayachanganyiki na maji, ilhali nyama ya mwili imejaa maji. Sehemu yake yenye harufu, ambayo ndiyo yenye faida, huruka hewani. Na ngozi yetu imeumbwa kwa hekima ya kuvizuia vitu visiingie.

Somo la tui

Bibi yangu alikuwa akikuna nazi jioni, ameketi juu ya mbuzi, bakuli katikati ya miguu, na machicha akiyakamua kwa kifumbu mara mbili: mara ya kwanza likatoka kasimele, tui zito la kumalizia mchuzi, mara ya pili likatoka tui jepesi la kupikia. Siku moja bakuli la kasimele lilisahauliwa juu ya kabati usiku kucha. Asubuhi nilipolifunua nilikuta juu pamefanya tabaka nene jeupe kama sufi, na chini yake maji ya kijivu yaliyo karibu kuonekana mpaka kitako cha bakuli. Nilidhani limeharibika kwa uchafu. Bibi aliniambia kwamba mafuta yamechoka kuogelea.

Sijapata kusikia fasili ya emulsheni iliyo bora kuliko hiyo. Emulsheni ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji pasipo kuyeyuka. Tui ni emulsheni, na maziwa ni emulsheni. Matone ya tui ni makubwa kiasi cha kuitawanya nuru yote inayopita, ndiyo maana tui ni jeupe. Na kwa kuwa ni makubwa, na mafuta ni mepesi kuliko maji, hupanda, hukutana, huungana, na mwishowe maji hubaki peke yake.

Nano ni neno la kipimo. Ukigawanya milimita moja vipande milioni moja, kipande kimoja ni nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Tone la mafuta katika nanoemulsheni aghalabu lina kati ya 20 na 200. Kwa udogo huo tone halina nguvu ya kutosha kulipandisha juu, maana molekuli za maji zinazolisukuma kila upande zalishinda nguvu, na nuru hupita kati ya matone karibu bila kizuizi. Ukiinua chupa yake dirishani utaona kioevu kilicho karibu kuwa safi, chenye kivuli cha samawati hafifu mahali nuru inapopiga.

Nini huyazuia matone yasiungane? Ni msuluhishi, yaani kitu chenye kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta, kama ilivyo sabuni ya kuoshea vyombo. Maabara mengi hutumia polisobeti 80, ambayo hutiwa pia katika vyakula na dawa. Mafuta na msuluhishi huchanganywa kwanza, kisha maji hudondoshewa tone kwa tone huku mchanganyiko ukikorogwa. Mwanzoni maji ndiyo yaliyofungwa ndani ya mafuta, hadi hufika wakati ambapo hali hugeuka ghafla, mafuta yakavunjika matone yasiyohesabika ndani ya maji. Wengine hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, au mashine inayousukuma mchanganyiko kwa nguvu kupitia mwanya mwembamba.

Faida yake yaweza kupigwa hesabu. Mililita moja ya mafuta, ambayo ni sehemu ya tano ya kijiko cha chai, ikivunjwa kuwa matone ya nanomita 100, uso wa matone yote ukijumlishwa hufika meta 60 za mraba, sawa na sakafu ya nyumba ndogo. Kwa uso mpana hivyo mafuta hupata njia nyingi za kutoka kuelekea ngozi au nyama, ilhali zamani tone moja lingegusa kwa ukubwa wa stempu. Sitaki msomaji adhani kwamba matone hayo hupenya ngozi mazima mazima kama sindano. Kwa sehemu kubwa hujipanga kwa kushikamana mno na gamba la juu, yakayaachia mafuta yajipenyeze kidogo kidogo kuelekea ndani.

Swali la saa

Sasa tufike penye jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ndilo lililonifanya niiandike sura hii. Katika maabara uvimbe hupimwa kwa mguu wa panya. Mguu mmoja hudungwa sumu kidogo, wa pili hudungwa maji ya chumvi, kisha mpimaji huchukua kipimio cha meno mawili kinachosoma sehemu ndogo za milimita, akaupima unene wa nyayo baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili, na kuendelea. Mafuta yakiupunguza unene ule, hapo husemwa kwamba yamefaulu.

Lakini yalitiwa lini? Katika majaribio mengi ya mimea, si ya Brazili pekee, sumu na dawa huchanganywa kwanza katika kijichupa, zikakaa pamoja kwa muda, ndipo mchanganyiko ukadungwa. Matokeo yake hupendeza sana. Lakini hakuna nyoka ambaye humngoja mtu achanganye dawa yake na sumu kabla ya kugonga! Tena mimea mingi ina tanini, ule ukakasi tunaousikia ulimini kwa chai ya rangi iliyokolea, na tanini huzigandisha protini za aina zote. Basi ndani ya kijichupa huonekana kama kwamba mmea umeikamata sumu kwa ustadi, kumbe umeikamata kama ambavyo ungalikamata ute wa yai. Jaribio lenye uadilifu ni lile ambalo sumu hutangulia, muda ukapita, ndipo dawa ikafuata. Humo mimea mingi iliyosifiwa hushindwa.

Naipenda nanoemulsheni kwa sababu madai yake, yakitolewa kwa unyofu, hayahitaji kushindana na sumu katika kijichupa. Kazi yake ni uvimbe, na uvimbe huendelea kwa saa na siku, kwa hiyo ina nafasi ya kuchelewa kidogo na bado ikafaa. Mahali pake ni ubavuni mwa seramu, na yapasa ijaribiwe pamoja nayo: seramu mshipani, mafuta juu ya ngozi, mguu upimwe. Kwa sasa kazi nyingi za namna hii ziko katika hatua ya panya. Anayekuuzia leo kichupa sokoni akakuambia kwamba ndiyo dawa ya nyoka iliyothibitishwa, amekuuzia maneno.

Kwa hiyo aliyegongwa leo afanyiwe haya:

- Atulizwe, na kiungo kilichogongwa kisitembezwe.
- Avuliwe pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujapanda.
- Asichanjwe, asinyonywe damu, asifungwe kamba ya kubana, wala asiwekewe jiwe jeusi kwa kudhani litavuta sumu.
- Asipakwe mafuta wala majani penye jeraha, kwa sababu tabibu anahitaji kuliona kama lilivyo.
- Apelekwe hospitali yenye seramu kwa njia iliyo ya haraka kuliko zote, na kama nyoka ameonekana, sura yake ikumbukwe. Asifuatwe wala asikamatwe.

Chupa juu ya rafu

Tuchukue kwamba jaribio la saa limepitwa salama. Hubaki shida ya mwisho, nayo yanirudisha kwenye bakuli la bibi. Matone madogo mno huwa na tabia ya kuliwa na makubwa: mafuta ya tone dogo huyeyuka kwa uchache katika maji, yakasafiri, yakajiunga na tone lililo kubwa zaidi, hata baada ya majuma au miezi kile kioevu cha samawati kikaanza kuwa cheupe. Joto hulizidisha jambo hilo. Mafuta yenye harufu kali, kwa kuwa huyeyuka katika maji zaidi kuliko mafuta mazito, ndiyo yanayoathirika upesi, na njia mojawapo ya kuyatuliza ni kuyachanganya na mafuta mazito yasiyotaka kabisa kuyeyuka.

Seramu ya maji inayotumika Brazili hutaka kuwekwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na vijiji vingi vya kando ya mto wa Amazoni viko mbali kwa saa nyingi za mtumbwi na jokofu lolote. Dawa ya kupaka ingekuwa na thamani hasa pale, katika nyumba ya mbao isiyo na umeme, katika saa zile ambazo mgonjwa amelala ndani ya mtumbwi akisubiri kufika mjini. Kwa ajili hiyo kabla ya kupelekwa kwa mtu yeyote chupa huwekwa katika kabati la joto maabarani, na kila baada ya siku kadhaa mtu huja, huiinua dirishani pasipo kuitikisa, akatazama shingoni mwake kama kumefanyika duara jembamba la mafuta.